Neno Lililomkataa Mzee Koti

Mzee Koti alifariki tamthilia yetu ikiwa imebakiza sehemu ya mwisho. Jina hilo tulimpa sisi wa studio kwa sababu ya koti la kahawia alilovaa katika kila sehemu, jua liwake, mvua inyeshe. Aliigiza baba mkali aliyemfukuza mwanawe, na watu walikuwa wakimsimamisha barabarani: "Mzee, kijana utamsamehe lini?" Naye alikuwa akijibu, "Muulizeni aliyeandika. Mimi nalishwa maneno tu."

Baada ya mazishi, mwongozaji alituita kwenye chumba cha kuhariri, mimi na Baba Mapacha. Mimi ndiye mhariri. Kazi hii nilijifunza ukubwani, kwa masomo ya jioni, baada ya miaka mingi ya kushona nguo, ndiyo maana wenzangu huniita Mama Mkasi. Baba Mapacha anatengeneza picha za kompyuta. Akitaka mvua, inanyesha. Akitaka ukuta uanguke, unaanguka na vumbi lake.

"Jamani, watazamaji wamengoja msamaha tangu mwanzo," mwongozaji alisema. "Siwezi kuwaambia mzee kafa, kwaherini. Mfufueni."

"Tusikufuru, baba," nilisema.

"Kwa picha, Mama Mkasi! Mbona unanitisha?"

Mjane wa mzee alikuwa ameshakubali. Alisema anatamani kumwona mara moja tena, hata kama mwili utakuwa wa kuazima. Habari ya sauti hakuuliza, na hakuna aliyemweleza.

Tukaanza. Mtu mwingine mwenye mabega kama ya mzee alivalishwa koti, akaketi kitandani mbele ya kitambaa cha kijani ambacho kompyuta hukigeuza kuwa mandhari yoyote, akanyoosha mkono kwa yule mwigizaji wa mwana. Baba Mapacha akachukua uso wa mzee kutoka sehemu za zamani na kuuweka juu ya shingo ile. Mwanzoni ulikaa kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mtu mzima. Kivuli cha kidevu kilikwenda upande wake na taa upande wake, na macho yalimtazama mwana sikioni badala ya usoni.

"Mzee anatafuta nini humo sikioni?" nilimwuliza.

"Nta," alijibu, na tukacheka kidogo, kisha tukarudi kazini, maana sote wawili tulimpenda mzee.

Kazi yangu ilikuwa neno lenyewe: *Nimekusamehe*. Nilipitia sehemu zote zilizorushwa, sikulipata hata mara moja. Nikaanza kuliunga. Mwanzo wake niliukata kwenye "Nimekuona wewe!", alipomfumania jirani akichungulia. Mwisho wake niliupata pale alipopiga meza na kusema, "Mimi sisamehe mtu!" Nikaliondoa lile "si", nikaishusha hasira, nikaongeza pumzi aliyoivuta siku alipopanda ngazi. Kabla ya kila mkato niliomba, "Ee Mungu, mikono hii isiwe ya uongo." Nilijua ninaomba huku nimeshashika mkasi.

Ndipo mwana wa kweli wa mzee alipokuja. Ni mtu mzima, ndevu zimeanza mvi. Mazishini nilimwona amesimama nyuma kabisa, kama mpita njia. Habari zake zilijulikana: hakuja kumzika dada yake, na baba yake alimwambia asikanyage tena mlango wake. Miaka ikapita hivyo, kila mmoja akimngoja mwenzake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu uketi."

Hakuketi. "Mama yangu ananiambia mnatengeneza sehemu ya msamaha. Na neno mnalo?"

"Tunaliunga."

"Basi niungie na mimi. Weka na jina langu mbele. Nitalisikiliza peke yangu, sitamwonyesha mtu."

Baba Mapacha akageuza kiti chake, akavaa vipokea sauti masikioni ingawa kompyuta yake haikuwa ikitoa sauti yoyote.

"Mwanangu," nilisema, "hiyo itakuwa sauti yangu ndani ya koo la baba yako."

"Hata hivyo."

"Siwezi. Lakini nitatafuta katika picha zote, hata zile tulizozitupa. Kamera huanza kabla ya maigizo na kuzimwa baadaye, na watu huongea. Kama alisema lolote juu yako, utalipata. Kama hakusema, sitalitunga."

Akatazama skrini yangu, ambako baba yake alikuwa ameganda mdomo wazi. "Yule mwana wa kuigiza mnamtungia. Mimi wa damu ndiye nakosa?"

Nilimwambia tu aniachie namba yake.

Nilitafuta. Nilimsikia mzee akilalamikia goti. Nilimsikia akimtania mpiga picha, "Kitambi chako kinafika kabla ya kamera." Nilimsikia akiimba puani, akiomba maji, akimsifu mpishi wetu kwa chakula ambacho baadaye alimpa paka. Mwanawe hakumtaja. Nilianza kufikiri namna ya kumwambia.

Kisha nikafika kwenye onyesho la mlangoni, la zamani kidogo. Kumbe neno liliandikwa humo tangu wakati ule! Mwongozaji anatoa amri, mzee anaanza, "Nimeku..." anakohoa. Wanarudia. "Nime..." ananyamaza. Wanarudia tena. Mtu huyu hakuwahi kusahau maneno yake hata siku moja. Yule kijana mwigizaji anatania, "Mzee, nisamehe basi, tukale!" Wote wanacheka. Mzee hacheki. Anainamisha kichwa, na kinasa sauti kilichofichwa ndani ya koti kinamsikia akisema taratibu, "Neno hili linanikataa. Lina mwenyewe, na mwenyewe bado sijampa."

Mwongozaji, akiwa mbali, anapaza sauti: "Tuache, mzee! Tutaliweka sehemu ya mwisho."

Nilisimamisha picha. Nikapiga magoti pale pale kati ya nyaya.

Mwanawe alipokuja nilimwonyesha bila kueleza kitu. Aliomba nirudie, nikarudia.

"Kwa hiyo alikuwa nalo," alisema.

"Alikuwa nalo, baba."

"Mbona hakuniita?"

"Sijui."

"Na mimi mbona sikwenda?" Akaketi sasa, kwenye kiti cha Baba Mapacha, akafunika uso. "Amekufa nalo mdomoni, mama. Afadhali ningejua hana."

Nilishika bega lake hadi lilipotulia. Lile neno nililokuwa nimeliunga nililionea haya.

Nilimwendea mwongozaji, nikamsihi tuliondoe. Mzee aweke tu mkono kichwani kwa mwana, inatosha. Alisikiliza ile sauti ya ndani ya koti, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Inaniuma na mimi," alisema. "Lakini nikilitoa, watu watauliza waliketi miaka yote hii wakingoja nini. Neno libaki, mama."

Likabaki.

Jioni ya sehemu ya mwisho mjane alitualika nyumbani kwake. Sebule ilijaa majirani, wengine wameketi chini. Mwanawe alikaa karibu na mama yake, mimi nikabaki mlangoni. Mzee alipotokea kwenye skrini, mjane alisema, "Loo, bwana wangu." Kivuli cha kidevu kilikuwa mahali pake. Mkono ulinyooshwa. Kisha sauti niliyoiunga ikasema, "Nimekusamehe," na chumba kizima kikalia.

Mjane alimgeukia mwanawe, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Umemsikia baba yako? Nilijua hawezi kuondoka na kinyongo. Umemsikia?"

Mwanawe alinitazama juu ya vichwa vya watu. Nilitamani aseme ukweli, na nilitamani asiuseme.

"Nimemsikia, mama."

"Basi mwitikie. Baba akisema na wewe, unaitika."

Majirani waligeuka kumtazama. Kwenye skrini picha ilikuwa imeshaisha, majina yakipanda.

"Ahsante, baba," alisema.