Wino wa Kidole Kidogo

Mama mwenzangu, mtoto wako akienda kuchanjwa, nenda naye wewe. Usimtume mtu, hata awe wa tumbo moja na mume wako. Mimi nilimtuma wifi yangu.

Wifi huyo mtaa mzima unamwita Redio, maana kuzimika hajui. Kampeni ya chanjo ya surua na rubella ilipokuja, wakampa kofia, fulana na kipaza sauti, akawa anapita nyumba kwa nyumba. "Akina mama, leteni watoto! Ni bure! Msisikilize maneno ya mtaani!" Nikawa najivuna, yule ni wifi yangu yule.

Siku ya kumpeleka binti yangu Kidosho nilikuwa hoi. Mimba changa, natapika mpaka maji. Redio akasema, "Lala, wifi. Nampeleka mwenyewe, si ndiko niendako?"

Wakarudi, Kidosho ana pipi shavuni na kidole kidogo cha mkono wa kushoto kimepakwa wino mweusi. Wino ule ndio alama: aliyepakwa, ameshachomwa sindano. Kumbe pale kituoni kalamu ya wino alikuwa anaishika Redio.

"Alilia?"

"Huyu? Kanitoa kimasomaso!"

Baadaye manesi wakapita kusaka watoto waliobaki. Nikamnyanyua Kidosho mkono kwa maringo. "Huyu tayari," wakasema, wakaenda zao.

Kisha Kidosho akaanza mafua, vinundu vikamtoka nyuma ya masikio, na asubuhi moja akaamka uso wote upele. Nesi wa zahanati akauliza kama alichanjwa. Nikamwonyesha kidole, wino umeganda kwenye ukucha.

"Ulikuwepo akichomwa?"

Kabla sijafungua mdomo, Kidosho akadakia, "Sikuchomwa. Shangazi alinipaka rangi tu. Akasema nikinyamaza ananipa pipi."

Nesi akaniangalia. "Mama, una mimba?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akanieleza polepole: kama ni rubella, Kidosho atapona. Wa kuogopewa ni aliye tumboni. Inaweza kumharibu macho, masikio, moyo. Labda niliwahi kuugua utotoni, basi nina kinga. Lakini nimuulize nani? Mama yangu yuko kaburini. Wakatutoa damu wote wawili.

Nyumbani nikamkuta Redio uani, ananianulia nguo, kofia ya kampeni kichwani.

"Umemfanya nini mwanangu?"

Alijua hapohapo. "Wifi, usipige kelele..."

"Leo Redio ndiye wa kuniambia nisipige kelele!"

"Niliogopa. Wanasema ile sindano inafunga kizazi. Kaka yangu msichana wake ndiye huyu mmoja."

"Na watoto wa wenzako uliowaita mtaa mzima?"

"Ile ilikuwa kazi, wifi. Huyu ni damu yangu."

Nikakaa juu ya ndoo. Kumbe yale maneno ya mtaani aliyotukataza, yeye kayaficha moyoni. Na mimba yangu aliijua! Ndiye aliyekuwa akinikatia ndimu kichefuchefu kinishuke.

"Chukua kipaza sauti chako," nikamwambia. "Pita kotekote ulikopita, useme ulichomfanyia Kidosho, na huyu aliyemo humu tumboni."

"Nitauweka wapi uso wangu, wifi?"

"Basi kwangu usipige hodi tena."

Majibu ya Kidosho yametoka, ni rubella. Upele umeshaisha, anaruka kamba. Yangu bado. Simu ikilia nashika tumbo kwanza ndipo nipokee. Mume wangu ananiambia nimsamehe dada yake, hakukusudia.

Kampeni imerudi awamu ya pili, na jana nimemsikia Redio mtaa wa nyuma, sauti ileile: "Akina mama, leteni watoto!" Nikasimama dirishani nikisubiri aseme. Hakusema. Ndiyo maana naandika mimi.

Wapelekeni watoto. Ile sindano ingemkinga Kidosho, na mdogo wake aliye tumboni asingeingia hatarini. Ila mpakate mwanao mwenyewe, uione sindano inaingia begani, ndipo umtolee kidole apakwe wino.