Maboga Manne Nyuma ya Mboji

Ufunguo wa banda la zana nimeushika miaka thelathini na moja, na sijamwazima mtu hata kwa dakika tano. Anayetaka jembe anakuja kwangu, Roswitha Zöllner, mtunza majengo wa shule yetu ya msingi, na ananijibu maswali mawili: unakwenda kulima nini, na utalirudisha lini. Bustani ni ya shule, lakini wazazi na wastaafu nao wana vitalu vyao humo. Watu wengi wakigombea toroli moja, lazima awepo wa kuwafokea.

Kanuni yangu ni moja tu. Nyanya na maboga havipandwi nje kabla ya tarehe kumi na tano mwezi wa Tano, siku ya Sofia Baridi, wa mwisho katika Watakatifu wa Barafu, ambao wazee wanasema siku zao ndizo huleta baridi ya mwisho ya kuunguza mimea. Kijiji chetu kiko bondeni, na baridi ikishuka huku haina haraka ya kuondoka. Watoto wa darasa la kwanza wanaijua tarehe hiyo kabla hawajajua kuhesabu mpaka kumi na tano.

Basi akaja Bwana Riedle, mwalimu mpya, kutoka kule kusini kwenye mizabibu, ambako watu wanatembea na shati moja mwezi wa Tatu. Na bahati yake, mwaka huu majira ya kuchipua yalikuja na joto la ajabu.

"Bi Zöllner," akaniambia mbele ya kikao cha wazazi, "hao watakatifu wako ni wa zama za mabibi. Hali ya hewa imebadilika."

"Imebadilika kwenu, Bwana Riedle. Sisi huku bondeni bado hatujaletewa taarifa."

Wazazi wakacheka. Yeye naye hakununa, kumbe ana lake. Akapendekeza watoto wapande nyanya tarehe tatu. Jalidi, ule umande unaoganda kuwa barafu, ikija ikaziunguza kabla Sofia hajapita, yeye atafunga mdomo na mimi nitashika ufunguo mpaka nizeeke kabisa. Isipokuja, ufunguo nimkabidhi yeye. Nikakubali palepale, maana nilikuwa na hasira, na hasira yangu haijawahi kunishauri vizuri.

Sasa niseme jambo ambalo siku ile hakuna aliyelijua. Wakati nabishana pale kikaoni, nilikuwa tayari na maboga manne ardhini, nyuma ya rundo la mboji. Niliyapanda tarehe ishirini na nane mwezi wa Nne. Lothar, yule tarishi mstaafu, amenishinda kwa boga kubwa katika sikukuu ya mavuno miaka mitatu mfululizo, na kila mara hujipiga picha amelikumbatia akanitumia. Nilichoka. Kila jioni niliyafunika maboga yangu kwa ndoo nne, kila asubuhi nikayafunua. Unafiki? Ndiyo, ulikuwa unafiki. Lakini yalinawiri.

Watoto wakapanda nyanya zao arobaini na mbili, kila mche na kijiti cha aiskrimu chenye jina la mwenyewe. Siku zikapita na jua lake. Bwana Riedle kila akinikuta koridoni lazima anichokoze.

"Bi Zöllner, huyo Sofia yuko wapi?"

"Anavaa viatu."

Tarehe kumi na nne jioni, jua bado halijazama, upepo ukakatika ghafla. Mbingu haikuwa na wingu hata moja, na kile kipimajoto cha ukutani kilikuwa kinashuka huku nakitazama. Nikafurahi, sitawaficha. Nilifurahi mpaka nikaanza kuimba peke yangu. Nikaona nipite kwenye zile nyanya, niziage.

Hapo ndipo nilipokosea, maana niliinama nikasoma vijiti. "Wibke." "Anton, msiguse." "Samahani nilikukanyaga." Mmoja alikuwa amempa mche wake jina la marehemu sungura wake, na tarehe za kuzaliwa na kufa. Nikasimama pale nikijilaani. Nikampigia simu Bwana Riedle, haikupokewa. Jumatano anaimba kwaya mjini.

Nikafungua banda, nikatoa kila ndoo. Nikaingia jikoni, nikakusanya sufuria zote za Bi Edeltraud, mpishi wetu, na mabakuli ya saladi. Nikachukua vikapu vya taka vya madarasani, na kofia ya kuendeshea baiskeli iliyosahauliwa tangu mwaka jana. Nilipomaliza, nyanya nne zilikuwa wazi, na ndoo zilizobaki shuleni zilikuwa nne tu. Mnajua zilikuwa wapi. Nilizunguka lile rundo la mboji mara mbili nikitukana, kisha nikazichukua.

Saa kumi na mbili asubuhi majani yalikuwa meupe, yanalia chini ya buti. Jua lilipoanza kugusa bustani nikafunua vyote haraka, maana Bi Edeltraud anahitaji sufuria mapema na hana masihara. Bwana Riedle alipofika na darasa lake, jalidi ilishayeyuka. Nyanya zote arobaini na mbili zimesimama.

"Bi Zöllner," akasema, akanyoosha kiganja, "leo ndiyo kumi na tano."

Ningesema nini? Kwamba nimezifunika mwenyewe, na jalidi yenyewe haionekani tena? Nikaingiza mkono mfukoni, nikaushika ufunguo. Nilihisi kutaka kulia, mtu mzima wa miaka sitini na nne.

"Mwalimu," Wibke akaita kutoka nyuma ya mboji, "huku kuna vitu vimekufa."

Tukaenda wote. Maboga yangu yalikuwa yamelala, meusi, yanateleza kama mchicha uliopikwa ukasahauliwa.

"Ni jalidi," nikasema.

"Jalidi gani hiyo," akauliza Bwana Riedle, "inaua maboga manne na kuacha nyanya arobaini na mbili? Mbwa kayakojolea haya. Na nani aliyepanda maboga kabla ya Sofia, katika bustani yako wewe?"

Nikaeleza. Ndoo, sufuria, kofia, tarehe ishirini na nane, Lothar, yote. Nilikuwa naongea na buti zangu. Nilipoinua uso, Bwana Riedle alikuwa amerudisha mkono wake mfukoni.

"Ufunguo kaa nao," akasema polepole. "Lakini kumbe ulinitangulia kupanda kwa siku tano."

Wibke alitoa kijiti begini, akaandika taratibu huku ulimi nje, akakichomeka katikati ya maboga. "Bibi Zöllner, hakusubiri."

Ufunguo ninao mpaka leo. Na kijiti hakijang'olewa, kwa sababu kila anayekuja kuazima jembe anapitia kwanza kule nyuma kukisoma, ndipo aje kunijibu maswali yangu mawili.