Kayaki ya Kutoka Kibaigwa

Nianze kwa kukiri, ili msomaji asihangaike kumtafuta mjinga wa kisa hiki: siku ile mjinga nilikuwa mimi. Uani tulikuwa watu wanne, lakini hakuna aliyenikaribia. Na si kwamba nilikuwa mgeni wa mambo hayo. Nimefuga kuku wakafa siku moja na chanjo yao, nimelima zabibu wakazivuna ndege, na nimewahi kumwamini fundi aliyeniambia nipitie kesho.

Mimi ni dereva wa idara moja ya serikali hapa Dodoma. Kwa miaka sita likizo yangu imekuwa ikiishia Kondoa, kwenye alizeti ya baba mkwe. Wenzangu wakirudi likizo wamenawiri. Mimi narudi naulizwa kama nilikuwa naumwa. Mwaka huu nikaapa. Bunge la bajeti likishaahirishwa, mimi na rafiki yangu Cornel, karani wa huko bungeni, tungeshuka pwani ya kusini, ng'ambo ya Lindi, kwenye ghuba moja ambayo hata barabara imekata tamaa kabla ya kuifikia. Siku nne. Tungepiga hema mchangani, tungevua changu na kolekole kwa kayaki, kile kimtumbwi cha plastiki cha kupiga kasia, na jioni tungekula samaki ambaye mchana alikuwa na mipango yake.

Mke wangu, Mwantum, hakukataa. Mwantum hakatai kitu, anaweka masharti.

"Nenda, Baba Naima," alisema. "Ila Jumamosi wewe na mwenzako mnieleze mambo matatu. Mtalala wapi, mtakula nini samaki wakigoma, na hicho chombo chenu ni kizima au vipi. Moja likipungua, tunaongozana kwa baba. Alizeti imeshakauka."

Chombo nilikuwa nimekipata Kibaigwa. Najua unachotaka kusema. Kibaigwa ni mahindi, na kutoka pale hadi baharini ni safari ya kutwa kwa lori. Lakini lori likishapeleka mahindi Dar halirudi tupu, na dalali mmoja anaitwa Sila alikuwa na kayaki nyuma ya ghala: ya njano, ya watu wawili, imelazwa chini ya magunia. Niliikagua kwa njia pekee inayojulikana pale sokoni. Nikaipiga kofi, nikainusa, nikauliza ni ya msimu gani.

"Hii ilikuwa ya Mzungu mmoja tu, kaka," Sila akaniambia. "Tena mlokole."

Nikaridhika.

Jumamosi yenyewe maji yakatoka. Kwetu Miyuji yalikuwa yamekatika siku tano, na bomba likikohoa alfajiri hakuna anayeuliza chombo ni cha nani. Mwantum akajaza tangi, madumu, ndoo, masufuria, mpaka beseni la Naima la kuogea. Kisha akageuka akaona kitu cha njano chenye tumbo kimekaa bure juu ya kokoto zilizobaki tulipojenga. Akasogeza mpira.

Nilipoamka niliikuta imefurika.

"Mama Naima! Hii ni kayaki!"

"Leo ni tangi," akasema. "Ikifika baharini itakuwa kayaki."

Sikutaka ugomvi siku ya mtihani. Nikaenda zangu mjini kutafuta ndoano na mshipi. Niliporudi saa nne, maji yalikuwa nusu.

Mtu mwenye akili angeinama akatazama chini. Mimi nikatazama ukutani. Upande wa pili wa ukuta anakaa jirani yetu Priska, Mama Denis, ambaye bomba lake lilikuwa bovu tangu Jumatatu. Na hapo uani kwake, kwenye kamba, mashuka manne yalikuwa yananing'inia yakichuruzika. Nikajiuliza: bomba bovu, mashuka manne, maji yametoka wapi? Nikajijibu mwenyewe, na jibu likanipendeza sana.

Nikapanda juu ya kokoto, nikachungulia.

"Mama Denis, habari za kufua?"

"Nzuri, jirani. Tunamshukuru Mungu."

"Maji yametosha?"

"Yametosha kabisa. Mungu mkubwa."

"Mungu mkubwa," nikasema, "na ukuta mfupi."

Akaacha kukamua. "Unasemaje?"

"Sijasema kitu. Nasema tu kayaki haina miguu, haiwezi kwenda yenyewe kujimwaga."

Siku ile nilijifunza kwamba mwanamke aliyeitwa mwizi hapitii mbali. Kabla sijashuka kwenye kokoto, Priska alikuwa ameshaingia getini kwetu, shuka la tano begani, maji yanamtiririka mpaka kwenye ndala.

"Baba Naima, hayo maneno yarudie mbele ya mkeo!"

Wakati huohuo akaingia Cornel, amevaa shati la kazini siku ya Jumamosi, faili kwapani. Cornel hajui kukaa na watu watatu bila kufungua kikao.

"Naona akidi imetimia," akasema. "Agenda ya kwanza, kufungua kikao. Ya pili, yatokanayo na kikao kilichopita."

"Cornel, hapa pana kesi," nikamwambia.

"Basi itaingia kwenye mengineyo."

Mwantum akatoka jikoni akifuta mikono, akamvutia Priska kigoda. "Kaa, Mama Denis. Tuwasikilize kwanza, halafu mengine."

Cornel akasoma. Kuhusu malazi: hema litapigwa juu ya mstari wa maji kujaa, si chini yake. Alikuwa amempigia simu mvuvi mmoja wa huko akaandika siku zote nne, maji yanajaa saa ngapi, yanakupwa saa ngapi. Kuhusu chakula: unga kilo kumi, dagaa wa akiba, maji ya kunywa lita arobaini. Mwantum alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kile kichwa cha kukubali, na mimi nikaanza kusikia mawimbi. Kweli kabisa. Nikasikia na harufu ya kolekole akibabuka kwenye makaa.

"Mawili yamepita," Mwantum akasema. "Chombo?"

"Chombo kizima," nikajibu. "Tatizo lake moja tu, kinaibiwa."

"Umeona?" Priska akasimama. "Umemsikia mumeo?"

"Kinaibiwa na nani?" Mwantum akauliza.

Sikutaja jina. Nilielekeza kidevu tu, kwenye shuka.

"Mama Denis nimempa maji mimi mwenyewe," akasema Mwantum. "Madumu matatu, kutoka kwenye tangi, saa moja asubuhi. Wewe ulikuwa unakoroma."

Mjinga wa kawaida angeishia hapo. Mimi nikaendelea.

"Basi wameyanywa mbuzi wa jirani yetu Yotham."

"Yotham ameuza mbuzi wote wakati wa Idd," akasema Priska. "Hata wewe ulikula mmoja."

"Basi ni jua. Jua la Dodoma mnalijua."

"Limekunywa nusu ya kayaki asubuhi moja," akasema Mwantum, "na hii ndoo iliyo pembeni yake limeiogopa?"

Tukaitazama ndoo. Ilikuwa imejaa mpaka mdomoni. Hata mimi niliona aibu kwa niaba ya jua.

Cornel akaweka faili chini, akakunja suruali, akapiga magoti kwenye kokoto, akapitisha mkono chini ya kayaki. Ukatoka umelowa. Akaunusa, sijui kwa sababu gani. Kisha akalala kifudifudi kabisa, akachungulia.

"Kaka Masudi," sauti ikatokea huko chini, "kuna tundu. Linaingia punje ya mtama."

"La mwamba wa baharini?"

"La bambo."

Bambo ni kile chuma chenye ncha ambacho wanunuzi Kibaigwa huchoma nacho magunia, watoe punje chache waone kama mahindi ni makavu. Kumbe kayaki ilipolala chini ya magunia, mnunuzi mmoja makini alichoma gunia, akapitiliza. Huenda alishangaa mahindi ya siku ile yalivyokuwa magumu.

Priska alicheka mpaka akakaa tena bila kutazama kigoda kiko wapi. Nikamwomba radhi. Nilimwomba vizuri, kwa mikono miwili, kwa sababu kumwita jirani mwizi wa maji katika wiki ya mgao si jambo la mzaha.

"Nimesamehe, Baba Naima," akasema akifuta machozi kwa shuka. "Ila hili shuka limeburuzwa. Utalifua wewe."

Nikamgeukia Cornel. "Si tundu dogo tu hilo? Tunaliziba kwa gundi, tunaondoka. Hata likivujisha kidogo, si utaogelea wewe?"

Cornel aliinuka taratibu akijifuta vumbi. "Mimi? Kaka, mimi ni mtu wa Chamwino. Sijui kuogelea. Nilijua wewe ndiye unayejua."

"Mimi nilijua wewe."

Mwantum alitutazama mmoja baada ya mwingine, muda mrefu, na safari hii hakukuwa na kicheko usoni mwake. Kisha akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amebeba mabuti yangu ya shambani, akayaweka mbele ya miguu yangu, yamepangwa vizuri, la kulia kulia, la kushoto kushoto.

Miaka sita, ndugu msomaji. Nikaona ghuba inaondoka. Nikapigania haki yangu kama mtu anayezama.

"Mama Naima, tuwe wa kweli. Mtihani wako haukuwa wa haki! Umetia maji ndani. Nani alikwambia kayaki inatiwa maji ndani? Chombo cha baharini kinapimwa kwa nje, maji yake ni ya nje! Hujakipima bado. Cornel, andika hapo: hakijapimwa."

Cornel akafungua kalamu, akamtazama Mwantum, akasubiri.

Mwantum akafunga kanga yake upya kiunoni.

"Baba Naima," akasema, "chombo kilichoshindwa kuyazuia maji yasitoke hapa Miyuji, kitayazuiaje yasiingie huko baharini?"