Kikaza Cheni cha Pikipiki ya Mansie

"Kila neno ni kweli, Ragna, na kama nadanganya nisionje tena mkate wa shayiri maisha yangu yote," Erlend Isbister aliapa, mkono mmoja kifuani, wa pili umeshika spana. "Kikaza cheni kipya kimo ndani ya injini, kimetulia kama yai kiotani. Sili wawili walitoka baharini kuja kunimulikia taa."

"Wawili? Juzi alikuwa mmoja."

"Leo kaja na mkewe."

Ragna akacheka, kwa mara ya kwanza tangu baba yake, Mansie, avushwe maji kupelekwa hospitali Inverness. Kesho saa mbili asubuhi Mansie angepasuliwa moyo, na binti yake alitaka kumshika mkono kabla hajaingizwa. Meli ya kutoka Stromness, bandari ya kisiwa chao, ilikuwa ya saa kumi na moja kasorobo jioni. Ukishuka ng'ambo zinabaki maili mia na ushee, na Jumapili jioni huko hakuna basi. Kulikuwa na pikipiki ya Mansie tu, kuukuu kumzidi Ragna mwenyewe, ambayo wiki nzima injini yake iligonga kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Leo haikugonga.

"Kumbe siku mojamoja unasema kweli, baba mdogo," akasema, akaenda kufunga mizigo.

Erlend akabaki peke yake katika lile zizi la zamani alilolifanya karakana. Kikaza cheni kipya kilikuwa bado kwenye boksi lake, chini ya gunia la viazi.

Hakukusudia. Alikuwa tarishi mstaafu, mambo ya injini kayaokota kwenye vitabu vilivyochanika, na kwa miaka ishirini aliwaambia watu wa Stromness kwamba vikaza cheni anavibadilisha amefumba macho. Hajawahi kubadilisha hata kimoja. Asubuhi alilegeza boliti mbili zilizoshika kile cha zamani, nusu tu, na ndani kukalia trrrk! Akazikaza upesi, akawasha injini, na kelele hakuna! Nani abishane na muujiza?

Sasa, kwa kujiliwaza tu, alitoa karatasi ya maelekezo kwenye boksi akasoma. Mstari wa tatu ulimkalisha chini. Kijiti cha chuma kinachoisukuma cheni ya ndani ya injini kina meno. Huenda mbele, hakirudi. Ukilegeza boliti, springi hukisukuma zaidi, na ukizikaza tena bila kukitoa na kukirudisha ndani, cheni huvutwa kupita kiasi. Ikikatika, injini hukwama ghafla, na gurudumu la nyuma hukwama nayo.

Aliwasha tena. Ndani ya ule utulivu mlikuwa na mluzi mwembamba, kama mbu aliyefungiwa chupani. Akazima haraka. Alimwona Ragna kwenye zile kona za Caithness, kule ng'ambo, mvua inapiga, lori nyuma yake.

Ragna akarudi na koti la ngozi na helmeti mbili, yake na ya baba yake.

"Meli imeahirishwa," Erlend akasema. "Dhoruba. Mawimbi yamepita paa la kanisa, redio imesema."

Ragna akatazama dirishani. Meli ilikuwa gatini, mdomo wazi, inameza magari. Bahari ilikuwa shwari kama shuka iliyopigwa pasi.

"Baba mdogo. Umefanya nini?"

Uongo ulimjia, mzuri sana, wenye nyangumi. Akaumeza. Akainua gunia la viazi.

Ragna aliliangalia boksi mpaka macho yakajaa machozi. "Ungeniacha niipande."

"Nisingekuacha! Ndiyo maana nimeleta dhoruba."

"Dhoruba! Ungeleta neno moja la kweli, basi." Akafuta uso kwa kiganja, akatazama saa. "Tuna dakika arobaini. Shika spana. Nasoma mimi, unafanya wewe. Ukiongeza la kwako nakutwanga na helmeti."

Cha zamani kilitoka na kijiti kimechomoza kama ulimi wa mbwa.

"'Injini isizungushwe hata kidogo,'" Ragna akasoma.

"Sijaigusa."

"Mikono juu, niione."

Erlend akakwangua gasketi iliyogandia, ile karatasi ya kuzuia mafuta yasivuje, akaweka mpya, akakipachika kikaza kipya, kijiti chake kikiwa kimefungwa ndani. Kwenye boliti ya mwisho Ragna akaishika spana pamoja naye. Kisha wakafungua kizuizi cha kile kijiti. Tak. Mara moja tu.

Injini ikawaka. Haikugonga, wala haikupiga mluzi.

"Ni nzima?"

"Nadhani."

"Unadhani?"

"Cheni imevutwa kwa dakika chache tu. Lakini siwezi kukuapia."

Ragna akamtupia helmeti ya Mansie mapajani. "Vaa. Unakaa nyuma."

"Magoti yangu, unajua tena—"

"Magoti yako yamekuzuia kumwona kaka yako wiki tatu nzima. Cheni ikikatika, ikatike na wewe ukiwa juu. Tukifika, utamwambia mwenyewe ulivyoifanyia pikipiki yake."

Erlend alipanda, miaka sabini na mmoja, kalishika koti la binti wa kaka yake kwa ngumi mbili. Kwenye daraja la kupandia meli, mkata tiketi aliyevaa koti la njano akapaza sauti:

"Erlend! Unatorokea wapi leo, mzee?"

"Naenda kumwona Mansie," Erlend akasema. "Naogopa."

Yule mtu akangoja hadithi iliyobaki. Haikuja. Ragna akatia gia.