Zamu Kwenye Nchi Isiyokuchwa

Mwanaesha hakusudii kulala. Amejinyoosha tu kitandani baada ya adhuhuri, mchana wa kaskazi, joto la Kibokoni, Mombasa, limejaa chumbani hata shuka zinanata mwilini, na simu ameiweka juu ya kifua kama dawa ya kuchua. Lakini si dawa. Ni sauti ya mke mwenzake, Rahema, inayotoka mwisho wa dunia, na ameshaisikiliza hata maneno yamemkaa kichwani: Dada, huku ni maajabu, barafu hata macho yachoka, na jua halitui, Dada, wallahi halitui, saa zote ni mchana. Kisha kicheko, na nyuma ya kicheko sauti ya mume wao, Mselem, akisema funga mlango, baridi yaingia. Mlango huo ndio unaomkaba Mwanaesha. Barafu hana haja nayo, lakini chumba chenye mume na mlango unaofungwa, hicho kinamchoma.

Mselem ni wakala wa meli pale bandarini, na kampuni moja yenye meli za matembezi imemtunuku nafasi mbili za kwenda kuona ncha ya kusini ya dunia. Nafasi mbili, naye ana wake wawili, na hesabu hiyo haigawanyiki bila mtu kulia. Akafanya wafanyavyo waume wanaomwogopa Mungu, akapiga kura: pete mbili ndani ya kikombe cha kahawa, shangazi yake akafumba macho akatoa moja. Ikatoka ya Rahema. Mwanaesha akapiga kigelegele, tena yeye wa kwanza, kwa mdomo mkavu, maana mke mkubwa haonyeshi. Lakini wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda, naye ameanza kukonda siku ileile. Nyumbani Mselem hulala usiku mmoja kwa Mwanaesha chini, usiku mmoja kwa Rahema ghorofani, na zamu hugeuka jua likitua, magharibi kwa magharibi, haijapata kukosewa. Waliondoka alasiri, ndani ya zamu ya Rahema. Magharibi iliyofuata ilikuwa yake yeye Mwanaesha, na sasa anaambiwa huko hakuna magharibi. Basi zamu ya Rahema haijaisha. Itaishaje? Ungemwambia kwamba njiani jua lilitua mara nyingi, na kwamba mke aliyebaki nyumbani hadai zamu za safarini, angekuuliza Rahema amekutuma kwa kiasi gani. Anayafikiri hayo, anayageuza, anayarudia, na kiu inamshika, anaamka, au anadhani ameamka, anakwenda jikoni kutafuta barafu ya kutia kwenye maji ya ndimu.

Anafungua mlango wa juu wa friji na mvuke mweupe unampiga usoni. Anaingiza mkono, mkono haufiki mwisho. Anaingiza bega, kichwa, mguu, na kumbe friji ina nafasi, na kumbe ndani yake ni ujia mrefu wa meli, wenye zulia na milango pande zote mbili, na sakafu inayumba polepole chini ya kandambili zake. Amevaa kanga zake za nyumbani, hana koti, wala hasikii baridi, wivu unamtosha. Anakwenda. Kila mlango anautegea sikio kama kuna kicheko cha Rahema, na kila mlango umenyamaza, na ujia unapinda, unapinda tena, unamrudisha penye mlango uleule, kisha pasipo ngazi wala kizingiti zulia linakuwa theluji na dari inakuwa mbingu, naye bado yumo ujiani, ila sasa kuta zake ni milima ya barafu, buluu kwa ndani, na njia mbele yake zimegawanyika, nyingi, zote nyeupe, zote zimenyooka. Juu ya yote jua limesimama. Halipandi wala halishuki. Mwanaesha analitazama kwa chuki, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekataa kuaga.

Kwenye njia panda amesimama mwongozaji wa watalii. Koti jekundu, viatu vya mpira hadi magotini, kofia ya koti imevutwa mbele, na pale penye uso pana manyoya tu, na ndani ya manyoya pana weupe. Wamtafuta nani, mama? anauliza huyo asiye na uso. Namtafuta mume wangu. Huku kila mtu ana mumewe. Mimi si kila mtu, mimi ni Bi Mkubwa. Kitendawili, anasema mwongozaji. Mwanaesha amekulia Lamu, vitendawili vya ukumbini kwa bibi yake, na ulimi unamtangulia: Tega. Nyumba yangu haina mlango. Yai, anasema Mwanaesha kwa dharau, kitoto cha chuoni chakijua hicho. Yai ni kwenu, huku si yai, nipe mji. Naye anajua desturi kama anavyoijua kila aliyecheza mchezo huo utotoni: ukishindwa unatoa mji, ndipo unapewa jibu. Watoto hutoa miji ovyo, leo Unguja, kesho Makka, na miji haiondoki mahali pake. Haya, chukua Lamu, anasema. Mwongozaji anainamisha kichwa, na huko mbele, juu ya barafu, Lamu inachomoza. Ni yenyewe, vichochoro na madaka na mabaraza, lakini imepinduka, misikiti inaelekeza minara chini kama imesimama juu ya kioo, na kila kitu kimechongwa kwa barafu. Mwanaesha anapita kichochoro cha kwao. Anauona mlango wa bibi yake, anausukuma, na mlango si mlango, ni mchoro tu juu ya ukuta. Nyumba yote ni ukuta. Na jibu? anauliza. Jibu ndilo hilo umeligusa, anasema mwongozaji, nyumba isiyo na mlango ni ya mwanamke anayemngoja mtu. Upuuzi, anasema Mwanaesha, na anapiga hatua kwa kasi zaidi.

Lamu inaishia penye uwanda, na uwanda umejaa pengwini, maelfu, wamesimama wawili wawili, kifua kwa kifua, na kati ya kila wawili yai moja. Mmoja anaondoka kwenda baharini, mwingine anaingia mahali pake na kulifunika yai kwa tumbo. Mwongozaji mwingine, koti lilelile, weupe uleule, ametokea ubavuni pake bila kuitwa. Hata hawa wana zamu, mama. Wana zamu ya yai, anajibu Mwanaesha, hawana zamu ya mume. Anawatazama, na anachokiona hakipendi: kila ndege hapa, na miguu yake mifupi na mwendo wake wa mtu aliyebanwa na viatu, ana mume wa peke yake. Anamwonea wivu pengwini. Anajijua, anaona aibu, na bado anamwonea. Kitendawili, anasema mwongozaji. Tega. Kitanda kimoja, watu watatu, wawili wamelala, wa tatu hayupo chumbani wala hajafumba jicho. Jibu Mwanaesha analo. Limemjaa kinywani, na ni yeye. Anafunga mdomo. Angali anakumbuka usiku wa kwanza wa zamu ya Rahema, alivyokaa macho akisikiliza dari, akihesabu kila kikohozi cha juu ghorofani, na asubuhi akapeleka mahamri huko juu, ya moto, akitabasamu. Neno hilo halitamki mbele ya mtu asiye na uso wala mwenye uso. Chukua Malindi, anasema. Malindi inasimama kwenye barafu kichwa chini, na yeye anaipita bila kuitazama, maana nyuma yake, mwisho wa njia zote, sasa anaiona meli.

Penye ngazi ya kushukia boti za mpira pana ubao wenye misumari, na kwenye kila msumari kimening'inia kibao chenye jina la abiria. Upande mweupe, abiria yumo melini. Upande mwekundu, yuko nje kwenye barafu. Vibao vikiwa vyeupe vyote, ngazi inapandishwa na meli inaondoka, ndivyo meli hizi zinavyojua kwamba hazikumwacha mtu. Vyote ni vyeupe isipokuwa kimoja, cha Rahema. Mwongozaji wa ubao anaeleza bila kuulizwa: jua hili limezuiwa, mama, halina ruhusa ya kutua mpaka arudi abiria wa mwisho. Na Mselem? Yumo chumbani kwake, ameshavua viatu. Mwanaesha anageuka, na huko mbali, nukta nyekundu juu ya weupe, Rahema anampungia mikono yote miwili. Dada! sauti yake inakuja nyembamba. Umekuja, Dada! Ngoja nije nikuonyeshe! Na anaanza kukimbia, anateleza, anacheka, anainuka. Mwanaesha hana ubaya naye binafsi. Hilo nalo linamuudhi, kwamba msichana huyu hampi hata sababu.

Kitendawili, anasema mwongozaji, akiuweka mkono wake wenye glavu juu ya kibao. Hakuna marefu yasiyo na ncha, Mwanaesha anamwambia, na hili jua lenu leo litaona ncha yake. Tega upesi. Ukikipigania ni chako, ukikipata chakupa mgongo. Hata hasikilizi. Chukua Mombasa, anasema. Yote? Yote. Na Kibokoni? Na Kibokoni. Na nyumba yako? Chukua na nyumba, mna nini ndani yake, anasema, na sauti yake inakatika, na kabla haijarudi ameshakigeuza kibao. Mweupe. Ngazi inapanda. Mnyororo wa nanga unalia. Na jua, lile sugu, linatikisika kama embe lililoiva, linadondoka nyuma ya milima, na giza linaingia la nchi hiyo, giza la miezi, lisilo na haraka. Ni magharibi. Ni zamu yake.

Mlango wa chumba anaupata kwa kupapasa. Mselem amelala kitandani, blanketi hadi shingoni. Nani? anauliza. Ni mimi. Zamu ya nani? Yangu, anasema Mwanaesha, na neno hilo amelibeba kutoka Kibokoni hadi mwisho wa dunia, amelilipia miji mitatu. Haya, anasema Mselem, njoo ulale basi, nimechoka leo. Anasogea kidogo, anageukia ukutani, na pumzi zake zinakuwa nzito palepale. Ndivyo afanyavyo. Ndivyo alivyofanya kila zamu kwa miaka, na Mwanaesha ameketi ukingoni mwa kitanda, akitazama mgongo ambao giza halimruhusu kuuona, na kwa mara ya kwanza anasikia baridi. Inamwingia toka vidoleni. Usiku wote huu ni wake, miezi, na hajui ataufanyia nini.

Ndipo mlango unapogongwa. Si kwa nguvu. Dada, inasema sauti ya Rahema, meli imeniacha, nimetembea juu ya bahari, nifungulie. Mselem hajigeuzi. Mwanaesha anafika mlangoni, anakishika chuma cha komeo, na kiganja kinanata papo hapo kwa baridi. Akifungua, itajulikana kibao kiligeuzwa kwa uongo, na jua litapanda, na zamu itarudi kwa mwenyewe. Hilo analijua kama anavyojua jina lake. Akinyamaza, asubuhi haiko karibu. Kwa nini waniita mimi? anauliza kupitia ubao wa mlango. Mumeo yumo humu. Meno yanasikika yakigongana. Huyo hasikii akilala, Dada, Rahema anasema. Wewe wajua. Usiku ule wa kwanza nililia hadi alfajiri, hakusikia. Asubuhi ukaniletea mahamri, nikasema alhamdulillahi, kumbe kuna mtu aliyekuwa macho.

Mwanaesha anafumbua macho. Yuko kwake, ghorofa ya chini, kanga zimemlowa, chumba kimekuwa cheusi na hajui amelala kiasi gani. Nje muadhini anamaliza adhana ya magharibi, au pengine ni mnyororo wa nanga, sauti inatoka mbali na inapita kwenye kitu kama barafu. Hayuko kitandani. Amesimama mlangoni, kiganja juu ya komeo, na komeo ni la baridi, la baridi kweli, hata ngozi imeshikamana nalo, katika mji ambao chuma hakijapata kupoa. Anataka kutazama dirishani aone kama Mombasa bado iko wima. Haendi. Hodi, inasema sauti upande wa pili, Dada, nifungulie. Na Rahema yuko mwisho wa dunia, kila mtu anajua. Wewe ni nani? anauliza Mwanaesha. Ni mimi, nina baridi. Nyuma yake, kitandani, kwenye kitanda alichokilalia peke yake tangu adhuhuri, mwanamume anakoroma. Hageuki kumtazama. Subiri, mdogo wangu, anasema, na anavuta komeo kwa nguvu zake zote, na linabeba kipande cha ngozi yake.