Kelele za Bibi Harusi wa Harlan Creek

Kwa miaka ishirini na miwili Noreen Stambaugh alizikwa hai kila Oktoba. Alivaa gauni jeupe la bibi harusi lililochanika, akalala ndani ya jeneza la mbao katika ghala la zamani la mahindi pale Harlan Creek, Ohio, na wateja walipopita na vitochi vyao hafifu alipiga mbao kwa ngumi akilia: "Nitoeni! Si mchezo! Jamani, nitoeni!" Watu waliendesha magari kwa muda wa saa mbili kuja kusikia kelele zile. Wako waliokimbia wakaacha viatu. Kaka yake, Dwight, aliyekuwa akisimama mlangoni kupokea watu, alipenda kusema kwamba ghala lile lina mashine moja tu isiyoharibika, nayo ni koo la dada yake.

Machi ile walikwenda St. Louis kwenye maonyesho, kama walivyofanya kila mwaka tangu enzi za baba yao. Ni soko la wenye nyumba za kutisha, zile ambazo watu hulipa kuingia ili waogopeshwe. Ilikuwa saa tatu asubuhi, na watu wenye miwani na mabegi ya karatasi walikuwa wakinywa kahawa katikati ya vichwa vilivyokatwa, wakiulizana bei ya utumbo wa mpira na kama damu ya madumu inatoka kwenye nguo. Clown, mchekeshaji wa sarakasi, mwenye meno ya msumeno alikuwa anakula donati. Kila banda lilikuwa na kitu kinachonguruma, kinacholia au kinachosaga mifupa, na ukumbi mzima ulichemka kwa mayowe ya kuuzwa.

Dwight alikuja na jambo moja kichwani. Alikuwa ameona kwenye mtandao jeneza la mashine, na usingizi ulimpaa tangu siku ile. Walilikuta kwenye banda la Thad Oberholtzer, mtu mwembamba kutoka Pennsylvania aliyevaa tai yenye mafuvu madogo. Lilikuwa jeusi, limesimikwa juu ya jukwaa, na ubavuni lilikuwa na kitaa chekundu. Mteja analala, kifuniko kinajifunga, halafu anasikia sepetu zikimwaga udongo juu yake. Sanduku linatikisika. Harufu ya tope inapulizwa. Dakika tatu, kisha kengele inalia na kitaa kinakuwa kijani.

"Umeme ukikatika," Noreen aliuliza, "kifuniko kinaachia chenyewe?"

"Mama, kuna kitufe cha dharura," Thad akajibu kwa furaha. "Unakishika mkononi muda wote. Ukiogopa, unabonyeza."

"Sikukuuliza habari ya kitufe."

"Ah, Noreen naye!" Dwight akacheka, akamshika mabega. "Msamehe, bwana. Dada yangu huyu akienda peponi ataanza kwa kukagua milango. Ingia basi. Miaka yote hii umelala kwenye mbao za baba, leo lala kwenye godoro."

Noreen alijua kwamba hakujibiwa. Lakini Dwight alikwishakuwa na uso ule wa mtoto aliyesimama mbele ya duka, na watu watatu walikuwa wamejipanga nyuma yao, na yeye alikuwa na mazoea ya muda mrefu ya kumpa kaka yake njia ili siku iende. Akavua koti, akampa. Akapanda, akalala, akafumba kiganja juu ya kitufe.

Jambo la mwisho aliloliona kabla ya kifuniko kushuka ni Thad akimwonyesha Dwight upande wa mwisho wa ukumbi. "Twende nikuonyeshe lile la watu wawili. Mama mkwe wangu atamfungulia." Mama mkwe huyo aliitwa Bernadine, mzee wa watu aliyekaa kwenye kiti cha kukunja akigawa peremende. Alikuwa amejaza pamba masikioni, kwa sababu banda la mbele yake liliuza sanamu la mbwa mwitu lililonguruma kila baada ya nusu dakika.

Mwanzoni kazi ilikuwa nzuri, na Noreen alilazimika kukiri. Sepetu ya kwanza ilisikika miguuni, ya pili kifuani, na zile zilizofuata zilitua juu ya uso wake hasa, hata akafumba macho bila kutaka. Feni ndogo karibu na sikio lake ilileta hewa yenye harufu ya mvua na mizizi. Sanduku likatikisika mara moja.

Kisha kila kitu kikanyamaza.

Alingoja. Alidhani ni ujanja wa mtengenezaji, kimya cha kumfanya mtu asikilize moyo wake. Akaanza kuhesabu mpaka thelathini. Alipofika ishirini na kitu ndipo akagundua kilichokosekana: feni. Feni ilikuwa imesimama. Akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena, mara kumi. Kitufe kilikuwa kipande cha plastiki mkononi mwake, basi. Akasukuma kifuniko kwa viganja, kisha kwa magoti. Hakikusogea hata unywele. Mtu huyu, akawaza, kitasa chake kinafunga umeme ukiondoka, badala ya kuachia. Amekifunga kinyume. Baba asingeliruhusu kitu kama hiki hata getini kwa kuku.

Nje, mbwa mwitu akanguruma. Umeme ulikuwa umekatika upande huu tu.

"Hodi!" akaita. "Samahani! Umeme umekatika!" Sauti ilirudi usoni kwake. Ndani mlikuwa mmebandikwa sponji nene ili sepetu zisikike vizuri, na sponji hiyo ilikuwa inameza maneno. Akaita kwa nguvu zaidi. Akapiga kwa ngumi. Hapo akasikia nyayo zikisimama karibu, na moyo ukamruka.

"Sikia huyu," sauti ya mwanamume ikasema. "Safi kweli. Ni kanda au kuna mtu?"

"Kuna mtu! Nimekwama! Nitoeni!"

"Kanda," mwanamke akaamua. "Hebu sogea nikupige picha nalo."

Wakaondoka wakicheka. Noreen akalia kwa sauti ambayo hakuwahi kuitoa kwa mteja yeyote, sauti iliyomkwaruza kifua, na nje akasikia mtu akipiga makofi.

Joto lilikuwa limeanza kupanda. Jasho lilimwingia masikioni. Kifuniko kilikuwa karibu kiasi kwamba akipumua, pumzi yake ilimrudia usoni, nzito kila mara kuliko mara iliyotangulia. Alijaribu kugeuka ubavu, bega likagota. Akabaki amepinda hivyo, nusu chali, mkono mmoja chini ya mgongo, na kwa muda hakuweza kuuchomoa, na hofu ikamshika kikweli. Mwili ulianza kupigana peke yake bila kumwuliza.

Ndipo akasikia sauti anayoijua kuliko zote duniani.

"Bado yumo!" Dwight alikuwa anasema. "Ameingia mara ya pili, namjua! Mabwana, huyo mnayemsikia ni dada yangu. Hiyo si kanda."

"Dwight!" akapiga kelele. "Dwight, si mchezo! Imekwama kweli! Nitoe!"

Kiganja kikagonga kifuniko juu ya uso wake, kwa upendo, kama mtu anavyompiga farasi wake shingoni.

"Mnasikia?" Dwight akasema kwa majivuno. "Sisi akina Stambaugh tunajua kazi. Endelea, dada! Nakuletea kahawa!"

Nyayo zikaenda.

Noreen hakulia tena. Alilala gizani mdomo wazi. Hakuwa na neno lililobaki. *Nitoeni, si mchezo, imekwama kweli*: yote alikuwa ameyatumia, usiku baada ya usiku kwa miaka ishirini na miwili, mpaka kaka yake aliyezaliwa naye tumbo moja hakuweza kuyasikia. Akakumbuka barua tatu kutoka jumba la maigizo la Cincinnati, walikotaka mtu wa kusimamia taa za jukwaani. Kazi ya mchana na jioni, katika chumba chenye dirisha. Mara zote tatu Dwight alikuwa ameuliza, bila ukali wowote, "Sasa bibi harusi atakuwa nani?" na mara zote tatu alikuwa amerudisha barua ndani ya bahasha. Leo, kwenye giza hili, alishangaa kwamba hakuwahi kumjibu swali lile. Alidhani ni swali lisilo na jibu.

Kichwa kilianza kuwa chepesi. Fikiri, akajiambia. Ghalani, mteja akizimia, tunafanya nini?

Hawapigi kelele. Hakuna mfanyakazi wa nyumba ya kutisha anayeomba msaada, maana msaada ndio unaoombwa na kila mzimu kila dakika. Wanaita taa za nyumba, ziwashwe zote na mchezo usimame. Wanaita kwa sauti bapa, ya mtu anayesoma orodha ya vitu dukani, wanataja mahali na kilichotokea, wanarudia. Kila nyumba ina namna yake, lakini neno ni hilo hilo.

Akavuta hewa kidogo kwa pua. Akauchomoa mkono taratibu. Akageuza mdomo kwenye ufa mwembamba aliouhisi kwa vidole pale kifuniko kilipokutana na ubao, na akasema bila kupandisha sauti kwa hofu:

"Taa za nyumba. Jeneza, banda la Oberholtzer. Mtu mmoja ndani. Umeme hakuna, hewa hakuna. Taa za nyumba."

Akapumzika. Akarudia. Mbwa mwitu akanguruma, Noreen akangoja amalize. Akarudia. Mara ya sita ulimi ulikuwa unateleza. Mara ya saba alianza na neno la mwisho.

Vifundo vya vidole vikagonga ubao mara tatu.

"Nani kaita taa?" Sauti ya mzee, yenye lafudhi ya kusini, isiyo na haraka.

"Mimi. Noreen Stambaugh. Harlan Creek."

"Ni kazi au ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi lala chini, mama, ufunike macho."

Huyo alikuwa Orval Sizemore wa Kentucky, muuza mashine za moshi wa banda la jirani, aliyekuwa amecheza mchinjaji mwendawazimu kwa miaka thelathini kabla magoti hayajamkataa. Noreen alimsikia akifoka, "Bibi! Bibi, toa hiyo pamba! Ufunguo uko wapi?" na Bernadine akijitetea kwamba mkwe wake alimwambia asiguse kitu mpaka kitaa cha kijani kiwake, na hakijawaka. Kisha mngurumo wa mbwa mwitu ukakatwa katikati, na ukumbi upande ule ukawa kimya kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Chuma kikaingia kwenye ufa. Mbao zikalia. Ncha ya mtaimbo ilipita kidole kimoja tu kutoka kwenye nywele zake, na mwanga ukamwagika.

Juu yake waliinama Orval na mtaimbo wa kufungulia makreti, clown wa meno ya msumeno akiwa na unga wa donati kwenye ndevu, na maiti wawili wa kike wenye nyuso za kijani. Alikuwa hajapata kuona nyuso nzuri kama zile. Maiti mmoja alimshika chini ya makwapa akamkalisha, akimwambia, "Pumua, mpenzi, pumua polepole, tuko hapa."

Thad alirudi mbio. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Mmevunja sampuli yangu!"

"Kijana," Orval akamwambia, "ningekuwa wewe ningefunga mdomo mpaka nipate neno jingine."

Thad akamtazama Noreen, shati lililomgandia, midomo iliyopauka, kucha mbili zilizovunjika. Akatazama kitaa kilichozimika. Tai yake ikaanza kupanda na kushuka. "Nimeuza saba," akasema kwa sauti ndogo. "Nimeuza saba toka Januari."

"Basi kaa chini upige simu saba uwaonye," Noreen akasema. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika. "Sasa hivi. Nakuangalia."

Thad akakaa kwenye kiti cha mama mkwe wake, akatoa simu. Alipiga zote saba, na Noreen alikaa ukingoni mwa jukwaa, amefunikwa joho la mtu asiyemjua, akamsikiliza mpaka ya mwisho. Dwight alifika wakati wa simu ya pili, ana kahawa mbili. Alisimama. Hakuna aliyemweleza kitu. Aliona kifuniko kilichopasuka, akaona vidole vya dada yake. Kahawa moja ilimponyoka.

"Niligonga," akasema. "Nilikuwa hapa hapa. Niligonga."

"Nilikusikia."

"Nilidhani unacheza, Noreen. Ulisema maneno yale yale."

"Najua. Siyo kosa lako peke yako. Lakini mimi siingii tena, Dwight. Si humu, si ghalani. Nakwenda Cincinnati, kama bado wananitaka, na kama hawanitaki nitakwenda pengine."

Alimwona akifungua mdomo, na alijua swali linalokuja. Halikuja. Dwight alikunja koti la dada yake mikononi, akalikunjua, akalikunja tena. "Mimi sina koo," akasema mwishowe, na wala hakuwa anatania.

"Utajifunza. Au weka sanamu."

Mchana walitoka nje, kwenye upepo wa Machi uliotoka mtoni. Noreen alisimama kando ya barabara muda mrefu akipumua tu, na Dwight alisimama kando yake bila kumharakisha, jambo ambalo hakulizoea. Walipata mkahawa mdogo wa ravioli za kukaanga, vipande vya tambi vyenye nyama ndani. Mhudumu aliwapeleka kwenye kona ya ndani, kwenye kiti kirefu kilichobanwa na kuta pande tatu. Kabla Noreen hajasema lolote, Dwight alimwomba mhudumu radhi, akabeba sahani na glasi mwenyewe, akahamishia kwenye meza iliyokuwa karibu na mlango. Akamvutia dada yake kiti kinachotazama barabara. Yeye akakaa upande ambao upepo uliingia kila mlango ulipofunguliwa, na alikula na kofia kichwani bila kulalamika.