Kadi Iliyongoja Margazhi Ipite

Yazhini alikosa nafasi ya kusomea udaktari kwa sababu kadi yake ilitoka katikati ya Machi 2021, na sheria ilitaka iwe imetoka kabla ya tarehe nne ya mwezi huohuo. Alama alikuwa nazo za kutosha na kubaki.

"Huyu ni raia wa Marekani," karani wa udahili alisema, akiirudisha kadi ile wanayopewa watu wa asili ya India wenye uraia wa nchi nyingine. "Angeipata mapema kidogo, tungemhesabu na watoto wa hapa. Sasa ni viti vya wageni tu."

"Mgeni gani?" Kathiresan, baba yake Yazhini, akafoka. "Mtoto kaja hapa Coimbatore hajamaliza kuota meno! Hata theluji hajawahi kuiona!"

"Mzee, sheria sikuitunga mimi. Anayefuata!"

Kwa ada ya viti vya wageni, hata Kathiresan angeuza mgahawa wake na masufuria yote, fedha zisingefika mwaka wa pili.

Kathiresan alikuwa mpishi New Jersey wakati binti yake alipozaliwa, na pasipoti ya huko walimchukulia mtoto wakiona ni bahati. Waliporudi nyumbani, mtoto akakua kwa viza ya kuongezwa kila mara. Wateja walimtania, "Wewe Mmarekani, ongeza sambar hapa!" naye akacheka na kuleta ndoo ya mchuzi huo wa dengu.

Desemba ya 2020 fomu za kadi zilikuwa tayari, zimesainiwa. Mkewe, Poongodi, alimwambia azipeleke. Kathiresan akakataa. Mwezi wa Margazhi ulikuwa umeingia, na Margazhi ni mwezi wa miungu: watu hawafungi ndoa, hawahami, hawaanzi jambo.

"Unataka kumtia mtoto nuksi?" alimuuliza.

"Karatasi za serikali zina nuksi gani? Mbona sambar unapika?"

"Sambar si jambo jipya."

Akangoja Pongal, sikukuu ya mavuno inayofuata Margazhi, ipite. Zikaingia oda za harusi. Fomu zikaondoka Januari inakwisha.

Walipofika nyumbani kutoka kwa karani, Yazhini aliutupa mkoba sakafuni.

"Nivetha wa darasani kwetu naye kazaliwa Marekani. Nimempita alama, lakini yeye kapata kiti. Kwa nini? Kwao waliwahi kadi. Nyie mlikuwa mnangoja nini?"

Kathiresan akafungua mdomo. Poongodi, aliyekuwa ameshaketi kumenya vitunguu, akajibu kabla yake bila kuinua kichwa.

"Ni mimi. Nilisema Margazhi ipite kwanza."

"Wewe, Amma? Mambo ya kalenda?"

"Ndiyo."

"Na wewe, Appa, ukamsikiliza?"

Hapo mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa. Maneno yalikuwa matatu tu, *mama yako anadanganya*.

"Yameshapita, mwanangu," Kathiresan alisema. "Kula kwanza."

Yazhini aliingia chumbani na kujifungia. Kathiresan akachuchumaa karibu na mkewe.

"Kwa nini umefanya vile?"

"Wewe ndiye anayekuamini. Mimi naye tunagombana toka zamani, amezoea. Akikukosa wewe, atasimamia wapi?"

"Nitamwambia kesho."

"Kesho ni Aadi," Poongodi alisema. "Mwezi mbaya huo. Au utangoja nao uishe?"

Hakumcheka. Alikusanya maganda ya vitunguu akaenda kuyamwaga.

Kesho yake Kathiresan aliamka, akawasha majiko, akahudumia watu. Keshokutwa vilevile. Aadi ikaisha, na hakuna alichosema.

Kiti kilikwenda kwa mtoto wa mtu mwingine. Yazhini yuko Chennai, anasomea elimu ya wanyama, kozi ambayo hakuwahi kuitaka. Kila Jumapili humpigia baba yake simu. Humweleza chakula cha bweni kilivyo kibaya, humuuliza kama anakunywa dawa zake za presha. Mama yake hamuulizii. Poongodi husimama karibu na mlango wa jikoni apate kuisikia sauti, halafu huondoka kabla simu haijakatwa. Sikukuu ya Deepavali binti alikuja, akala, akalala siku mbili, akaondoka bila kutamka Amma hata mara moja.

Mtoto amepoteza udaktari. Poongodi amepoteza mtoto. Kathiresan hajapoteza kitu. Hata simu ya Jumapili ni yake.